Sayansi isifunzwe bila utu

Miongoni mwa waliosoma na wasiosoma, kuna misimamo miwili kuhusu sayansi ambayo imekita mizizi. Wapo wanaoiona kuwa mkombozi wa kila shida: palipo na njaa italeta chakula, palipo na maradhi italeta tiba, palipo na umaskini italeta viwanda. Wapo pia wanaoilaani kwa sababu ya mabomu, sumu na uchafuzi wa mito, na ambao wangependa turejee kuishi walivyoishi mababu zetu. Hawa husahau kwamba mababu hao walizika watoto wengi mno kwa ndui na surua.

Mimi siafiki upande wowote. Nionavyo, pande zote mbili zinatenda kosa moja, nalo ni kuizungumzia sayansi kana kwamba ni kiumbe chenye nia yake, kinachochagua wema au uovu kwa hiari yake. Sayansi haina hiari. Wenye hiari ni watu: anayetafiti, anayegharamia utafiti, anayeuza matokeo yake na anayeyatumia. Madhali ni hivyo, swali la kujiuliza si kama sayansi ni njema au mbaya, bali ni nani atakayewajibika kwa yale yanayotendwa kwa jina lake.

Ili hoja hii isibaki kuwa maneno matupu, ningependa msomaji tufuatane katika historia ya kitu kimoja ambacho kila mkulima wa humu nchini hukitumia, hata kama hakijui kwa jina lake la kisayansi. Kitu chenyewe ni naitrojeni.

Takriban asilimia 78 ya hewa tuvutayo ni naitrojeni. Hakuna mmea unaoweza kumea bila hiyo, lakini mahindi hayawezi kuichukua moja kwa moja kutoka hewani, kwa kuwa atomu zake mbili zimeshikamana kwa nguvu nyingi mno. Katika maumbile, kazi ya kuzitenganisha hufanywa na radi na vijidudu, hasa vile viishivyo katika vifundo vya mizizi ya jamii ya kunde. Wazee wetu waliopanda maharagwe na mahindi katika shamba moja hawakuwa wajinga. Hawakuijua naitrojeni kwa jina, lakini matokeo yake waliyajua fika.

Kufikia mwishoni mwa karne ya 19, mataifa ya Ulaya yalitegemea mbolea ya naitreti iliyochimbwa katika jangwa la Chile. Mwaka wa 1898, mwanasayansi Mwingereza William Crookes alionya kwamba hazina hiyo ingekwisha siku moja na ngano ya kuwalisha watu isingetosha. Aliongeza kuwa wokovu ungetoka kwa wanakemia. Na kweli, mwaka wa 1909, Mjerumani Fritz Haber alifaulu kuiunganisha naitrojeni ya hewani na haidrojeni na kupata amonia, kwa kutumia joto kali, shinikizo kubwa na kichocheo. Mhandisi Carl Bosch aliuchukua uvumbuzi huo kutoka mezani pa maabara akaufanya kuwa kiwanda, nacho kikaanza kazi mjini Oppau mwaka wa 1913.

Ni vigumu kueleza ukubwa wa jambo hilo bila kuonekana kutia chumvi. Inakadiriwa kwamba karibu nusu ya watu walio hai leo hulishwa na mazao yaliyokuzwa kwa mbolea itokanayo na njia hiyo. Mkulima wa Trans Nzoia atiapo mbolea ya DAP shimoni wakati wa kupanda, kisha akaongeza CAN mahindi yafikapo magotini, anatumia amonia ya Haber na Bosch. Mwanafunzi alaye githeri au ugali bwenini anakula kwa jasho la mkulima, naam, lakini pia kwa akili ya wanakemia wasiojulikana kwake. Anayeibeza sayansi na aanze kwa kutuambia ni nusu ipi ya wanadamu ambayo angependa ilale njaa.

Lau hadithi ingekoma hapo, ningeuweka kalamu chini na kuwaachia uwanja wale wanaoisifu sayansi bila kusita. Lakini haikomi hapo.

Amonia huweza kugeuzwa kuwa asidi ya naitriki, na asidi hiyo ndiyo msingi wa baruti. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka mwaka wa 1914, Uingereza iliifungia Ujerumani njia za baharini, na naitreti ya Chile haikufika tena. Bila amonia ya viwandani, mizinga ya Ujerumani ingeishiwa na baruti mapema. Kwa hiyo, uvumbuzi uliolisha mashamba ndio uliolisha vita. Hilo peke yake twaweza kulisamehe, kwa hoja kwamba Haber hakuwa na uwezo wa kuzuia matumizi hayo. Lakini yeye mwenyewe hakuridhika na kutazama. Alijitolea kuongoza kazi ya kuifanya gesi ya klorini kuwa silaha, ilhali mikataba ya The Hague iliyotiwa sahihi kabla ya vita ilikuwa imeharamisha silaha za sumu.

Jioni ya tarehe 22 Aprili 1915, karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji, askari wa Ujerumani walifungua karibu mitungi 6,000 iliyosheheni klorini. Wingu lenye rangi kati ya kijani na manjano lilisukumwa na upepo kuelekea kwa adui. Klorini ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo iliteremka ndani ya mahandaki walimojificha watu, ikawachoma mapafu. Miongoni mwa waliofikiwa kwanza ni askari wa Ufaransa waliotoka Aljeria. Naomba msomaji alitie hilo akilini: katika siku ya kwanza ya vita vikubwa vya gesi, watu wa bara letu walikuwamo miongoni mwa waliokufa, katika ugomvi usiokuwa wao.

Haber alikuwapo akisimamia kazi hiyo, na baadaye akapandishwa cheo kuwa kapteni. Mkewe, Clara Immerwahr, ambaye naye alikuwa mwanakemia mwenye shahada ya uzamifu, alijiua kwa bastola ya mumewe tarehe 2 Mei mwaka huo. Wanahistoria wanabishana hadi leo kuhusu sababu, nami sitadai kuijua siri ya moyo wa marehemu. Linalojulikana ni kwamba punde baada ya kifo hicho mumewe alisafiri kwenda medani ya mashariki kuendelea na kazi ya gesi. Vita vilipokwisha, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka wa 1918, kwa ajili ya amonia. Mwaka wa 1933, Wanazi walipotwaa mamlaka, taifa alilolitumikia kwa gesi lilimkataa kwa kuwa alizaliwa Myahudi. Aliihama nchi yake, akafia mjini Basel, Uswisi, mwaka uliofuata. Dawa ya kuulia wadudu ya Zyklon B, ambayo asili yake ni utafiti uliofanywa katika taasisi aliyoiongoza, ilikuja kutumiwa na Wanazi kuwaulia Wayahudi kambini. Wahenga walisema kwamba majuto ni mjukuu. Huyu mjukuu alizaliwa babu akiwa tayari kaburini.

Na isidhaniwe kwamba moto huo uliwaka Ulaya pekee. Mwaka wa 1925, mataifa yalikubaliana mjini Geneva kupiga marufuku matumizi ya gesi za sumu vitani. Italia ilikuwa miongoni mwa zilizotia sahihi. Miaka kumi baadaye, Italia iyo hiyo ilipoivamia Ethiopia, ndege zake ziliwanyunyizia watu wa nchi hiyo jirani yetu gesi ya haradali iliyobabua ngozi, kupofusha macho na kuharibu malisho na maji. Mfalme Haile Selassie alikwenda Geneva mnamo Juni 1936 kuyaeleza hayo mbele ya Shirikisho la Mataifa. Alisikilizwa, lakini hakuokolewa. Wakemia waliotengeneza gesi hiyo walikuwa watu wenye elimu, na marubani waliojifunza kupima upepo na mwinuko walikuwa watu wenye elimu. Elimu yao haikupungukiwa na hesabu hata moja. Kilichopungua ni utu.

Hapa ndipo wengi hutoa ile hoja ya kisu. Watasema kwamba kisu hukata kitunguu, na kisu kicho hicho huua. Mhunzi ana kosa gani? Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, lakini ni ukweli wa nusu. Ni kweli kwamba aliyegundua sheria za maumbile hawezi kulaumiwa kwa kila litendwalo baada yake. Lakini mhunzi anayeambiwa na mteja kuwa kisu ni cha kumchinjia jirani, kisha akakinoa na kumwonyesha pa kukata, huyo si mhunzi tu. Ni mshirika katika mauaji. Kuna umbali kati ya kujua, kutengeneza na kutumia, na kadiri mtu asogeavyo kutoka hatua moja hadi nyingine, ndivyo mzigo wa wajibu unavyozidi mabegani mwake. Haber alipotengeneza amonia alikuwa katika hatua ya kwanza. Aliposimama Ypres akingoja upepo ugeuke, alikuwa amefika ya mwisho kwa miguu yake mwenyewe.

Na wasituambie kwamba hakuna jingine ambalo mwanasayansi angeweza kulifanya. Joseph Rotblat, mwanafizikia mzaliwa wa Poland, alishiriki katika mradi wa Marekani wa kutengeneza bomu la atomiki kwa hofu kwamba Ujerumani ingelitengeneza kwanza. Mwishoni mwa mwaka wa 1944, alipotambua kuwa Ujerumani haingeliweza, aliacha kazi na kuondoka. Baadaye aliigeuza elimu yake kwenye matumizi ya utabibu, akatumia maisha yake yote yaliyosalia kupinga silaha za nyuklia, na mwaka wa 1995 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani. Humu nchini tulikuwa na Wangari Maathai, mwanabiolojia aliyepata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka wa 1971. Angeweza kujifungia maabarani akala mshahara kwa amani. Badala yake alianzisha harakati za Green Belt mwaka wa 1977, na mwaka wa 1989 akasimama dhidi ya jumba refu lililokusudiwa kujengwa katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi. Alitukanwa, lakini jumba halikujengwa, na bustani ipo.

Nikisha kuzungumzia wajibu, sina budi kuzungumzia mipaka. Sayansi hujibu kwa ustadi swali la namna jambo linavyotendeka. Haijibu kama jambo hilo linafaa kutendwa, wala kwa manufaa ya nani. Sayansi yaweza kumweleza mkulima kwamba mbolea za amonia, DAP ikiwamo, zikitumiwa mfululizo mwaka baada ya mwaka huongeza uchachu wa udongo, na kwamba chokaa hupunguza uchachu huo. Haiwezi kuamua iwapo serikali itagharamia chokaa au itanunua magari ya kifahari. Mwaka wa 2024, wakulima wa nchi hii waliuziwa mbolea ghushi kupitia mpango wa ruzuku ya serikali, wakati wa kupanda. Mkemia anaweza kupima gunia na kusema lina naitrojeni kiasi gani. Hana kipimo cha kumtia mfanyabiashara uaminifu moyoni.

Kuna mpaka mwingine, nao ni kwamba sayansi huhitaji muda, ilhali wanadamu wana haraka. Mwaka wa 1990, Kenya iliutangazia ulimwengu dawa ya Kemron, iliyotokana na utafiti wa taasisi yetu ya KEMRI, kuwa inawapa nafuu kubwa wagonjwa wa ukimwi. Ilikuwa ni interferoni iliyotolewa kinywani kwa kiwango kidogo sana. Ni rahisi leo kucheka, lakini anayekumbuka miaka hiyo, watu walipokuwa wakizikwa kila wikendi na jina la maradhi likinong'onwa, hatacheka. Taifa zima lilitamani iwe kweli. Uchunguzi uliofanywa baadaye, ukiwemo ule ulioungwa mkono na Shirika la Afya Duniani, haukuthibitisha manufaa yale. Haraka haraka haina baraka. Kosa halikuwa kujaribu, kwani bila kujaribu hakuna sayansi. Kosa lilikuwa kushangilia kabla ya kupima.

Lakini tazama upande wa pili wa sarafu hiyo. Njia ile ile ya kupima iliyoiangusha Kemron, yaani kuwalinganisha wanaopewa dawa na wasiopewa bila upendeleo, ndiyo iliyothibitisha mwaka wa 1996 kwamba dawa kadhaa za kukabili virusi zikitumiwa pamoja huwarudishia wagonjwa uhai. Sayansi ilikuwa imetimiza kazi yake. Hata hivyo, kwa miaka kadhaa Wakenya waliendelea kufa, kwa sababu bei ya dawa hizo ilikuwa juu ya uwezo wao. Hapakuwa na siri yoyote ya maumbile iliyobaki kufichuliwa. Kilichohitajika ni uamuzi wa watu, nao ulipatikana Bunge lilipopitisha sheria ya mwaka wa 2001 iliyofungua njia ya kuagiza dawa za bei nafuu kutoka ng'ambo. Katika kisa hicho kimoja utaiona thamani ya sayansi, mpaka wake, na mahali ambapo wajibu wetu sote huanzia.

Nayasema haya hasa kwa walimu wenzangu. Kwa miaka niliyofundisha kemia, kila tulipofika katika somo la amonia niliwasimulia wanafunzi kisa cha Haber baada ya kuandika mlingano ubaoni, kisha nikawauliza: je, mngempa tuzo ile? Darasa lililokuwa likisinzia liliamka. Baadhi walisema tuzo ni ya amonia na gesi ni jambo jingine. Baadhi walisema mtu hagawanyiki vipande viwili. Siku moja msichana mmoja aliuliza kama mkulima anayekula kwa mbolea hiyo ana deni lolote kwa waliokufa Ypres. Sikuwa na jibu la kumpa, wala sikudhani ni kazi yangu kumpa. Lakini najua kwamba mlingano ule hakuusahau.

Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa mwaka wa 2017 unawataka wanafunzi wa sekondari ya juu kuchagua mikondo: upande huu sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, upande ule sayansi za jamii, na kwingineko sanaa na michezo. Sina ugomvi na mikondo, kwa kuwa vipaji havilingani. Hofu yangu ni kwamba ukuta utajengwa kati yake. Tutakuwa na kijana wa miaka 15 anayeambiwa kuwa kwa vile amechagua fizikia, masuala ya haki na historia si yake tena, na mwenzake anayeambiwa kuwa kwa vile amechagua historia, hana haja ya kuelewa jinsi dawa inavyopimwa. Wa kwanza atakuwa mtaalamu anayetumwa popote bila kuuliza. Wa pili atakuwa mbunge, mwandishi au hakimu anayedanganywa na yeyote aliyevaa koti jeupe. Jamii yenye watu wa aina hizo mbili pekee imejitayarishia maafa.

Dawa yake haihitaji kitabu kipya wala kamati. Mwalimu wa kemia anapofundisha amonia, na ataje Ypres na Ethiopia. Mwalimu wa biolojia anapofundisha virusi, na aeleze kisa cha Kemron na jinsi ukweli ulivyopatikana. Mwalimu wa historia anapofundisha vita, na amwalike mwenzake wa sayansi aeleze kwa nini klorini iliteremka ndani ya mahandaki. Dakika kumi zatosha. Mtihani wa taifa huenda usiulize swali hilo, lakini maisha yataliuliza.

Nanyi wanafunzi, msikubali kuchaguliwa kati ya akili na utu kana kwamba mtu anaweza kuishi kwa kimoja. Wahenga walitahadharisha kwamba akili nyingi huondoa maarifa. Hawakumaanisha tuwe wajinga. Walimaanisha kuwa akili isiyo na wa kuizuia humpotosha mwenyewe. Someni kemia hadi mwisho wake, na siku mtakapopewa mtungi na kuambiwa mngoje upepo, muwe na ujasiri wa kuuliza unakovuma na ni nani walio upande wa pili.